Gitaa la Kuzeeshwa

Jirani yetu fundi magitaa akikasirika hafokei watu, hufokea kazi. Nikitoka shule husimama dirishani kwake nimtazame. Wiki hii kijana mmoja alimletea gitaa la besi la mtumba, alizeeshe lifanane na gitaa kuukuu la kwenye picha simuni mwake. Basi fundi akalichapa kwa funguo na kuzifukiza skrubu kwa siki zishike kutu, mishipa ya shingo imemtoka. "Wenzake wanapaka piko kuficha mvi, huyu anataka kupakwa mvi!" Sehemu moja tu hakuigusa: kishimo kwenye mbao, juu ya nyuzi, kilichochimbwa na kidole gumba cha mpigaji wa zamani. Kila akipita hapo mkono wake ulipunguza mwendo.

Leo kijana amekuja, akachekelea kila mkwaruzo, kisha akakionyesha kile kishimo. "Hapa pazibe, fundi. Pachafu, na kwenye picha hapapo."

"Pachafu? Mtu amepiga miaka mpaka mbao ikalika, mwanangu, halafu unapaita pachafu?"

Akafungua kopo la rangi. Kijana akipiga kelele, fundi akaufunika kwa brashi kila mkwaruzo alioutia yeye mwenyewe, akakizunguka kishimo polepole bila kukidondoshea hata tone.