Niliinama Mara Moja Tu

Jamani, aibu hii ningeificha mpaka naingia kaburini, lakini kwa kuwa hakuna sherehe ya Waswahili hapa Maryland ambayo hatokei mtu wa kunionyesha video yake kwenye simu (na kucheka mbele ya uso wangu, bila haya), basi bora niisimulie mwenyewe.

Kazi yangu ni kupanda farasi, na si kwa starehe, nalipwa. Mashindano yetu ni ya siku tatu: ya kwanza unamtembeza farasi uwanjani kwa madaha mbele ya jaji, kimya kabisa, hata kukohoa watu wanaona haya, ya pili mnakwenda mbio porini mkiruka magogo na madimbwi, ya tatu mnaruka viunzi. Ukitolewa siku ya kwanza unafunga virago. Na farasi wenyewe si wangu, sisi tunapewa na matajiri kama dereva anavyokabidhiwa gari, na tajiri akichoka anachukua chake. Biskuti, farasi mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, alikuwa wa Linda, mama mmoja mjane wa Virginia, na Linda alikuwa amechoka, kwa sababu Biskuti alikuwa mwoga, akifika mbele ya gogo anasimama kulitazama kama mtu anayesoma tangazo. Linda aliniambia wazi kwamba tukiboronga tena wikiendi ile, Jumatatu anampeleka kwa mpanda farasi mwingine. Nami nilikuwa nampenda yule farasi, acheni tu.

Sasa mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, anayekaa Lanham na ndiye aliyenilea huku, akapata habari, akasema haiwezekani mtoto wake apambane peke yake katikati ya Wazungu. Akakusanya watu. Akanipigia nikiwa kwenye foleni ya magari, barabara kuu ya Beltway, akauliza, "Salma mwanangu, sisi tutajuaje wakati wa kushangilia? Tusije tukakuaibisha." Swali la mtu mwenye akili zake! Ningetulia nikamweleza vizuri yangekwisha, lakini nilikuwa na haraka, na (nisiwafiche) kichwa kilikuwa kimeshavimba kwa raha ya kupata mashabiki, nikamwambia, "Mkiniona nimesimama, nimeinamisha kichwa kumsalimia jaji, mjue nimemaliza, hapo shangilieni mpaka sauti ziwakauke."

Nikasahau, mimi ambaye kazi hiyo ndiyo inayonilisha, kwamba jaji anasalimiwa mara mbili. Unapomaliza, na unapoanza.

Siku ikafika, nao wakafika, khanga za sare, mikeka, sufuria la pilau, deli la soda lenye barafu, wakatandika pembeni ya uwanja huku Wazungu na vikombe vyao vya kahawa wakiwatazama kwa mshangao. Nikaingia. Koti jeusi, suruali nyeupe, mgongo umenyooka, na Biskuti ametulia chini yangu hata mwenyewe nikashangaa. Linda alikuwa kwenye uzio, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasimama katikati. Nikainamisha kichwa.

Vigelegele! Aliyeanza ni mama mdogo Zuhura, na mama mdogo ndiye anayeitwa kwenye harusi zote kuanzia Lanham mpaka Sterling kwa kazi hiyohiyo, wenzake wakadakia, na kuna mjomba mmoja alikuja na ngoma (sikuwahi kujua ilipita vipi getini), na Biskuti akanyanyua masikio, akageuka, akaruka uzio mweupe wa uwanja, akaelekea moja kwa moja kwenye mikeka. Nikapiga kelele, "Mama mdogo, nyamazeni!" Wakadhani nawasalimia, wakazidisha. Watu wakatawanyika, isipokuwa Wanjiku, nesi Mkenya wa Germantown, aliyebaki na simu yake mkononi akirekodi, "Haki huyu dem ni moto! Go Salma, go!" huku mwanawe anamvuta mkono, "Mom, I don't think she's supposed to do that," yaani hadhani kama natakiwa kufanya vile.

Tukaruka deli. Tukaruka sufuria la pilau, nalo lilikuwa wazi, naapa hakuna punje iliyomwagika. Kisha Biskuti akasimama mwenyewe, akaanza kula tikiti maji. Kule nyuma jaji akapiga kengele.

Mama mdogo akaja mbio, jasho linamtoka, akanikumbatia mguu. "Umeshinda?"

"Nimetolewa, mama mdogo."

"Umetolewa? Si umeinama?"

Nikamweleza. Uso wake ukaanguka, akashika mdomo kwa khanga, na hapo ndipo mimi nilipotaka kulia, maana nilimwona Linda anakuja, mwekundu kama nyanya, nikashuka kabisa nimpe hatamu zake tuagane. Hakuzipokea. Akaenda kwenye deli, akaliinamia, akaenda kwenye sufuria, akapima kimo chake kwa mkono.

"Ameruka hivi vyote?"

"Ndiyo."

"Bila kubembelezwa?"

"Hata nafasi ya kumbembeleza sikupata, Linda."

Basi yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na mama mdogo, ambaye hakuelewa anachekeshwa na nini lakini ameona mgeni amekaa, akampakulia pilau. Linda akasema, mdomo umejaa, kwamba Biskuti anabaki kwangu, ila mashindano yajayo hawa watu wakae porini, karibu na magogo.

Nimekoma. Sitamwelekeza tena mtu jambo la maana nikiwa kwenye foleni, na sasa kabla ya kila mashindano nawakusanya, naeleza, halafu nawauliza maswali mmoja mmoja kama mwalimu wa madrasa. Lakini kuwaambia wasije, hapana, hilo siliwezi. Miaka yote nimepanda farasi mbele ya watu wanaopiga makofi kwa ncha za vidole, sijawahi kusikia jina langu likiitwa namna ile. Nilitolewa mbele ya kadamnasi, nikarudi nyumbani nimekaukwa na sauti, na sijawahi kuwa na furaha kama ile juu ya farasi.