Jibu Lililotangulia Swali

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na watu walionipandisha mori upesi kuliko wote ni wale wa chemsha bongo ya televisheni. Mtu kavaa suti yake, kaulizwa mlima mrefu kuliko yote Afrika, anakodoa macho! "Kilimanjaro, we baba!" napiga kelele, na mama yangu, amekaa mkekani anachambua pilipili manga, ananiambia nipunguze sauti, majirani watadhani tunagombana.

Ilikuwa kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa mama, Kinole, juu milimani. Asubuhi natoka Morogoro mjini, ninakoshona nguo. Jumamosi siwezi kubanduka kwenye cherehani mpaka usiku, wateja wote wanataka nguo zao siku hiyo. Nafika, "Shikamoo mama," "Marahaba, mbona umekonda," tunakula, tunaswali, tunawasha televisheni. Sheria yetu ilikuwa moja tu: jibu litoke kabla ya kengele.

Na mama alikuwa anayatoa. Yeye aliyeishia darasa la nne! Swali la sayari, la mto, la mwaka, anajibu huku mikono haiachi pilipili. Siku aliyotaja sarafu ya Japani nilisimama nikampigia vigelegele.

Furaha yangu haikuwa ya mchezo tu. Miezi michache kabla ya hapo mama aliunguza sufuria ya maharage mara mbili ndani ya wiki moja, na kwenye msiba wa jirani alimpa pole mfiwa yuleyule mara tatu. Mjomba, kaka yake mkubwa, akaitisha kikao. Kwetu Waluguru mjomba akishasema, kasema. Alisema tumshushe mama mjini, akae kwangu. Ndugu zangu wakaitikia. Mama alikuwa chumba cha pili, amelala, au ndivyo tulivyodhani.

Kumshusha si jambo dogo. Shamba la Kinole ni la ukoo, na ukoo wetu unafuata upande wa mama. Bibi alimkabidhi yeye, binti yake, kama naye alivyokabidhiwa na mama yake. Kule juu mama ni mwenye nyumba, watu wanakuja kumuuliza mipaka ya mashamba inapita wapi. Kwangu mjini, kwenye vyumba viwili vya kupanga, angekuwa mgeni wa kuomba ufunguo wa choo. Nikamsihi mjomba anipe muda.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayekwenda kila Jumapili. Mwangalie. Ukiona akili inayumba, nipigie siku hiyohiyo."

Basi nikawa namwangalia kwa ile chemsha bongo. Kila Jumapili jioni nampigia mjomba. "Kapata kumi na nane kati ya ishirini, mjomba!" Naye anaguna tu, lakini habari ya kumshusha hakuirudia.

Ndipo ikafika Jumapili moja. Matangazo ya sabuni yameisha, mtangazaji anapanga karatasi zake, hata mdomo hajafungua. Mama akasema, "Mongolia."

"Nini, mama?"

"Mongolia. Ndilo jibu."

"Swali halijaulizwa."

Mikono yake ikasimama. Mtangazaji akasoma: mji wa Ulan Bator ni makao makuu ya nchi gani? Mshiriki akakodoa macho, na mimi nikamkodolea mama.

"Mama, hiki kipindi umeshakiona?"

Akapangusa vidole kwenye khanga. "Jana jioni. Hiki cha leo ni marudio. Kila Jumapili ni marudio, wewe tu huna habari, uko na cherehani yako."

Yarabi, nilipandisha! Nilimwambia amenifanya mjinga, nimekuwa namtambia mjomba kila wiki, kumbe nalishwa majibu ya kiporo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Niliwasikia siku ya kikao," akasema. "Sikuwa nimelala. Mlikuwa mnanishusha kama gunia la machungwa, na hakuna hata mmoja aliyeingia kuniuliza."

Nikakaa. Aibu ilinishika, halafu polepole nikaanza kuona jambo lingine. Hakuandika popote. Miwani yake ilikuwa imevunjika tangu Ramadhani.

"Maswali yote yale, mama, unayashika kwa kusikia mara moja?"

"Nayasema nikifagia. Nayasema nikichota maji. Ya kompyuta naachana nayo, hayakai."

Mimi vipimo vya mteja mmoja, nisipoandika, vimepotea kabla hajafika barabarani.

Nikatoka uani kumpigia mjomba, nikamweleza yote, na udanganyifu wenyewe sikuuficha. Akacheka, akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Huyo ndiye dada yangu," akasema. "Mwacheni alipo. Ila jirani awe anapita jioni kuangalia moto."

Nikakimbilia ndani na habari njema. Mama alikuwa amezima televisheni, analia. Nikamwambia anabaki, mjomba kasema. Akaitikia kwa kichwa, lakini machozi hayakukoma.

"Nilichoka, mwanangu," akasema. "Kila Jumamosi nalala na majibu kichwani, naogopa nikiamka nikute hayapo. Na siku nyingine kweli nakuta mengine hayapo. Namwomba Mungu wasiyaulize hayo."

Hasira zangu zote ziliishia hapo. Nilimpenda mama yangu siku ile mpaka kifua kikaniuma. Nikakaa naye mkekani, nikamwambia ayaache yaende, asiyakimbize tena. Nikamwambia nitapanda huku kila Jumapili, hata siku atakayokuwa hajui jibu hata moja, hata siku atakayoniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Akajipangusa machozi kwa khanga.

"Siku hiyo uniambie taratibu," akasema. "Usinifokee."

Nikamwahidi.