Sekunde Thelathini Mbele ya Madhabahu

Kamati ya ujenzi ya kanisa moja kongwe la Mbale iliniita kutoka Jinja nilipige picha za mwisho kwa sababu mimi ni Mwislamu. Wapiga picha Wakristo wa mjini walikuwa wameshagawanyika: nusu walitaka kanisa libomolewe, nusu walitaka aliyetoa wazo hilo abomolewe kwanza. Mimi sikuwa na upande. Nyumbani Nalufenya mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nitarudi na msalaba shingoni.

Paa lilikuwa ling'olewe Jumatatu, kuta zifuate. Nilifika Jumamosi alasiri, mvua inashuka kutoka mlimani, umeme umekatika kama kawaida, na ndani ya kanisa giza kama la stoo. Mwenyekiti wa kamati alitaka nitumie flashi ili kila kitu kionekane. Nikamweleza kwamba kila kitu ni pamoja na kinyesi cha popo, ambao kwa kuhudhuria kanisani waliwashinda wanakamati wote. Akaondoka bila kuaga, akaniachia mtunza kanisa.

Huyu alikuwa askari magereza mstaafu, mzee mrefu kutoka kaskazini, suruali nyeupe iliyopigwa pasi, amenyooka utadhani bado anasubiri kukaguliwa. Nikafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikaiacha lenzi wazi sekunde thelathini, maana ndiyo dawa ya giza. Katikati ya kupiga, mama mmoja wa usafi akakatiza na ndoo yake. Nilipomwonyesha mzee picha, viti vipo, madirisha yapo, mama hayupo.

"Bwana, huyu mama mimi naona na macho yangu!"

"Afande, gizani kamera ni mvivu. Anayepita haimwoni. Anayetulia inamchora. Akitulia nusu ya muda, anatoka nusu, na viti vya nyuma unaviona kupitia mwili wake."

Akaniomba nimpige na yeye, pale mbele ya madhabahu. Alifungia ndoa pale, miaka ya utawala wa wanajeshi, na picha hana hata moja.

"Ule mtu wa kamera naona gari ya jeshi, yeye nakimbia. Mpaka leo bado kurudi."

Alimzika mkewe mwaka jana. Jumatatu hata mahali penyewe pangeondoka.

Nikasema sawa, ila haraka, mwanga unaisha. Akasimama pembeni. Nikamwambia asogee katikati. Akasogea, kisha akarudi pembeni. Mara tatu! Mimi na subira hatujawahi kuelewana, nikamwacha alipo, nikafungua lenzi. Alisimama kiaskari, hata kope hazikucheza. Hesabu yangu ilipofika kumi na tano, akapiga hatua moja kushoto kwake, akatulia tena.

"Afande, umeharibu!" nilifoka.

"Hapana. Pale nasimama mimi. Hapa nasimama bibi yangu."

Nikatazama kioo cha kamera, aibu ikanishika. Wazee wawili wepesi, bega kwa bega, madhabahu ikionekana kupitia vifua vyao. Kumbe alikuwa amenielewa kuliko mwenyekiti na kamati yake yote. Nikamwonyesha. Akaitazama sana, nami nikajiandaa kwa machozi.

"Mbaya," akasema. "Yeye alikuwa mufupi."

Basi tukarudia. Sekunde kumi na tano wima. Kisha hatua moja, na yule mzee, ambaye alasiri ile ile alikuwa amepanda ngazi za kanisa kwa kushikilia ukuta, akakunja magoti mpaka kichwa kikashuka usawa wa mahali bega lake lilipokuwa. Nilimhesabia kwa sauti. Kufika ishirini na nne, miguu ilikuwa inatetemeka vibaya, nikamwambia aache.

"Hesabu, bwana," akasema bila kufungua meno.

Nikahesabu. Alipomaliza alikaa kwenye kiti cha mbele akihema, nikampelekea kamera. Kamati baadaye ilichukua picha ya viti na madirisha, ikaridhika. Hii nyingine hawakuiona. Yule wa pili, mfupi, hakuwa na miguu. Mtetemo ulikuwa umeifuta, na kuanzia kiunoni kulibaki kitu cheupe kipana kinachoshuka mpaka sakafuni.

Mzee alikigusa kwa kidole.

"Gauni," akasema. "Ya kuazima. Ilikuwa kubwa hivi hivi."