Nimefuta programu moja, kompyuta ya kwaya ikapoteza sura

Jamani, leo nusura niue kompyuta ya kanisa letu hapa Sakina!

Nilikuwa nafuta programu moja ya zamani kwa kuandika amri. Mashine ikanionyesha vitu vingine vitakavyoondoka nayo, ikauliza kama nina uhakika.

Nani anasomaga yale maelezo? Nikajibu ndiyo.

Skrini nyeusi tii. Maandishi meupe tu.

Mama Neema wa kwaya yuko nyuma yangu: "Na nyimbo zetu za kesho?"

Nikawasha hotspot ya simu, nikaandika amri ya kupakua upya vyote vilivyofutika. Mama akaweka mkono juu ya mashine, akaanza kukemea.

Ikawaka. Nyimbo zote zipo!

"Umeona nguvu ya maombi?"

Bando langu lote limekwisha. Wewe ungebisha?

Mimi nimeitikia amina mpaka mlinzi kachungulia.