Choo Kimoja kwa Nyumba Nzima

Mafunzo yalikuwa ya kulala huko huko, kambini, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Tulipika kwa zamu na kujifunza kupanga kijiji ambacho watu wataishi bila kuimaliza ardhi yao. Maji ya mvua yaelekezwe wapi, zizi likae upande gani wa upepo, miti gani itangulie. Nilipenda kila kitu. Nilipenda hata choo cha mboji, kile unachomwagia majivu badala ya maji, na baada ya muda uchafu unageuka mbolea. Tulikitumia wote hicho kimoja, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyekufa.

Zoezi la mwisho lilikuwa kupanga makazi ya watu wa kweli. Kura ikaangukia kwetu, yaani kwa wakwe zangu kule Sola, ninakoishi na mume wangu na wazazi wake. Kikundi kikachora. Choo kikawekwa kati ya nyumba yetu na nyumba ya wazee, karibu na jiko, ili majivu yasibebwe mbali. Kimoja kwa nyumba nzima.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo. Hakuna aliyeiandika popote, ni aibu tu, lakini aibu yenyewe ni ya ndani kabisa. Nikimwona mzee njiani, napisha. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia mama mkwe huku mimi nasikia. Ndiyo maana nyumbani kulikuwa na mashimo mawili, lao nyuma ya zizi, letu nyuma ya jiko.

Mkufunzi wetu, mtu wa Tukuyu, akanigeukia. "Mwenye nyumba, unasemaje? Kuna kitu hakijakaa sawa?"

Nikawatazama wenzangu. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaogopa kuonekana mshamba, mimi niliyekuwa najibu maswali yote darasani.

"Kiko sawa kabisa," nikasema. Jamani, mdomo huu!

Wakaja kujenga. Mashimo ya zamani wakayafukia yote mawili na kupanda mipapai juu yake. Baba mkwe alibeba ndoo za udongo pamoja nao. Mama mkwe alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye ugali wake.

Mzee hakukiingia choo kile. Kila kulipopambazuka nilimwona na goti lake bovu, fimbo mkononi, anavuka shamba la pamba. Pamba ilipokuwa imesimama ilikuwa afadhali, ilimficha. Tulipovuna, tukang'oa miti yake na kuichoma, shamba likabaki uwanja mtupu. Ikabidi aende mpaka kwenye ngitili ya jirani, zile nyasi zinazotunzwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Wachunga ng'ombe wakawa wanamkuta huko amechuchumaa. Mtu mzima yule, mzee wa kanisa!

Nilipomgusia mume wangu, alisema, "Baba atazoea." Azoee nini? Na mimi ningeweza kuchimba shimo jingine siku yoyote, lakini nyumba yetu ilikuwa imeshaitwa nyumba ya mfano, watu wanaletwa kuiona. Kwa hiyo mzee akipita, najificha jikoni.

Siku moja wakaja tena, mkufunzi, baadhi ya wenzangu wa kambini, na wageni wanaopiga picha kila kitu mpaka kuku. Wakamsimamisha mzee mbele ya mlango wa choo. "Baba, kimewasaidia?"

Mzee akatazama chini. "Kizuri sana," akajibu. "Hakinuki hata kidogo. Mkwe wetu ametufikiria."

Wakampigia makofi. Natamani hata leo ardhi ingepasuka siku ile nikazama. Mzee huyu akiuza ng'ombe anaanza kwa kumwambia mnunuzi ubovu wake, na sasa amesema uongo mbele za watu ili mimi nisiaibike.

Nikashindwa. "Haingii!" nikasema, na machozi yakanitoka hapo hapo. "Hajawahi kuingia. Mimi natumia hicho choo, yeye anaenda porini. Nilijua tangu kwenye mchoro."

Makofi yakakatika. Mkufunzi akashika kichwa. "Dada, mbona hukusema? Kwetu sisi mke wa mtoto akikutana na baba mkwe njiani, anakimbilia kwenye migomba! Unadhani nilikuuliza kwa nini?"

Mwenzangu wa Bukundi, mama mfugaji niliyelala naye chumba kimoja kambini, akanishika mkono. "Sote tulijua," akasema taratibu. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Uliposema kiko sawa, tukadhani nyumbani kwenu mmeshaacha kuoneana aibu."

Kumbe! Muda wote ule mimi naogopa kuitwa mshamba, wao wananijua kama mkwe asiye na haya. Nikageuka kumtafuta mzee. Alikuwa ameshaondoka, fimbo yake inasikika nyuma ya zizi.

Kesho yake asubuhi nikachukua jembe, nikaanza kuchimba shimo langu mwenyewe, mbali, upande wa nyuma wa jiko. Choo cha mfano kikawa cha wazee. Mama mkwe alikwisha kukisugua kwa majivu, ndani na nje, kabla hata sijaamka. Kisha akaja na chepeo, akaingia shimoni upande wa pili, tukachimba pamoja.

Jua lilipoanza kuwa kali akasimama kujifuta jasho.

"Baba yako alikuwa ananiuliza kila siku," akasema, uso ameuelekeza kwenye udongo. "Anasema, huyu binti tulimkosea nini?"