Foleni ya Mitungi

Kitu cha kwanza nilichokishuku kilikuwa penseli. Mtu mzima, amevaa reflekta ya manjano na buti ambazo hazijawahi kuonja vumbi, ametumwa na kampuni inayotaka kujenga nyumba mia tatu, halafu anaandika kwa penseli. Sisi shuleni tulikatazwa penseli tangu kidato cha kwanza, labda uwe unachora ramani. Nikajiuliza, huyu anaandika kitu gani ambacho tayari anajua atakifuta?

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka jana. Tunakaa upande huu wa Athi River, pale lami inapoisha na njia ya ng'ombe kuanza: mimi, mama, na susu, yaani nyanya yangu mzaa mama. Mama hushona suruali katika kiwanda kimoja kule EPZ na hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kwa hivyo mambo ya maji ni yangu. Kuyachota ni mimi, kuyabeba ni mimi, kuyapimia mpaka jioni ni mimi. Kisima ni kimoja tu, cha pampu ya sola, na wakati wa kiangazi kama ule hutoa maji asubuhi mpaka kama saa nne, halafu pampu inakohoa na kunyamaza. Jioni inajaribu tena kidogo. Ukikosa hapo, umekosa.

Naibu wa chifu alikuwa ametangaza kanisani kwamba mtaalamu atakuja "kukagua huduma za jamii", kwa sababu lile shamba kubwa la ng'ombe ng'ambo ya barabara limenunuliwa na utajengwa mtaa kama ile ya Syokimau. Hakusema limenunuliwa na nani. Susu aliuliza, akajibiwa, "Wawekezaji." Tukirudi nyumbani akaniambia hilo si jina la mtu.

Wiki hiyo kila mahali palifagiliwa. Zahanati ilipakwa rangi, lakini ukuta wa upande wa barabara peke yake. Nyuma iliachwa na madoa yake. Mimi niliona na sikusema kitu, maana kwa kawaida mimi huona na huwa sisemi kitu. Nikiitwa kusoma insha yangu mbele ya darasa, mwalimu huisoma mwenyewe huku mimi naangalia sakafu.

Sasa fikiria nilivyojisikia naibu wa chifu alipokuja kwetu na yule mtu, akasema, "Huyu msichana ni mnyamavu, lakini Kiswahili anakijua. Atakutembeza, na atakutafsiria kwa nyanya yake. Yule mama ndiye mkubwa wa kamati ya maji, na haongei ila Kikamba." Alisema hivyo kana kwamba mimi sikuwa pale.

"Niaje, siste," mtu wa penseli akanisalimu. "Usiogope, mimi siumi."

Sikuwa naogopa kuumwa. Nilikuwa naogopa kuongea.

Tulianza na zahanati. Alipiga picha ule ukuta mpya na hakuzunguka nyuma. Nikashuku tena. Kutoka hapo tulipitia stendi ya bodaboda, na vijana wa pale hawakuniacha.

"Karani! Umeandikwa kazi bila kutuambia?"

"Muache, siku hizi hasalimii watu. Ako na ofisi."

Nikapita kichwa chini, masikio yakiwaka moto.

Tulifika kisimani saa nane mchana, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili zake anayekaa pale. Pampu ilikuwa imenyamaza. Kulikuwa na wanawake wawili wamekaa kivulini, na mtoto amelala. Na kulikuwa na mitungi. Ile ya manjano ya lita ishirini, imepangwa mmoja nyuma ya mwingine kutoka kwenye bomba mpaka kwenye ua, halafu inapinda kona. Mmoja una kitambaa chekundu, mwingine umezibwa kwa gunzi la mahindi, wetu una kamba ya buluu kwenye mkono. Kwetu mtungi ndio hupiga foleni. Mwenyewe yuko nyumbani anapika au yuko shambani, na kila mtu anajua mtungi wa nani unafuata wa nani. Ukiusogeza wa mwenzako hata hatua moja, utasikia maneno mpaka Jumapili.

"Hii mitungi imetupwa hapa?" mtu wa penseli akauliza.

"Hapana," nikasema.

Ndiyo yote niliyosema. Akatikisa kichwa, akahesabu watu kwa ncha ya penseli, akaandika. Mimi najua kusoma maandishi yaliyogeuzwa, nilijifunza kwa kuchungulia alama zangu kwenye meza ya walimu. Alikuwa ameandika: *Watumiaji wawili. Hakuna foleni.*

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba ningeweza kumgusa mkono. Niseme nini, niseme hawa wote ni watu? Nikaona kama nitachekesha. Tukaondoka.

Nyumbani susu alikuwa amevaa leso yake ya kanisani. Alimkaribisha mgeni kwenye kiti cha mgongo, akaingia ndani, akatoka na bilauri ile ya wageni imejaa maji mpaka ukingoni. Nilijua yametoka wapi. Yalikuwa yamebaki chini ya mtungi, ya kupikia muthokoi wa jioni.

"Asante sana, shosho," mtu wa penseli akasema, akimwita nyanya kwa neno la Kikikuyu, akanywa yote kwa mara moja.

Susu akanigeukia. Akasema kwa Kikamba: mwambie shosho wake yuko kwao, hapa amekuta susu.

"Anasema karibu," nikatafsiri.

Ndivyo nilivyo. Neno likipita kwangu lazima lilainike kwanza. Nadhani niliona kama natunza heshima ya kila mtu.

"Sasa muulize," akasema, akafungua fomu juu ya goti. "Maji ya hapa inatosha?"

Susu alijibu kirefu. Alisema maji huja yakipenda. Alisema kuna siku huyu mtoto, yaani mimi, anakwenda mara tatu anarudi na mtungi mtupu. Alisema tunagawana na jirani mwenye wagonjwa, na kwamba hata kuoga ni kwa zamu. Alisema mengi, mikono yake ikisaidia. Halafu akamaliza kwa neno lake la siku zote, *nesa*. Susu husema nesa kwa kila kitu. Homa ikipungua, nesa. Kiatu kikiwa na tundu lakini bado kinavalika, nesa. Maana yake ni kama hatujafa, Mungu yuko.

Nikaangalia ile bilauri tupu mkononi mwa mgeni. Nikaona aibu, sijui ya nini, kana kwamba kumwambia mtu maji hakuna, na ameshayanywa, ni kumsimanga.

"Anasema ni sawa," nikasema.

Mtu wa penseli akanitazama. "Hayo yote ni 'ni sawa'?"

"Ndiyo."

Fomu yake haikuwa na "ni sawa". Ilikuwa na visanduku vitatu: *haipo*, *ipo lakini haitoshi*, *ipo na inatosha*. Penseli ikaelea kidogo, ikatua kwenye cha tatu.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Akapiga simu akingoja pikipiki, na hakujali kwamba niko hapo, maana mtu mnyamavu watu humsahau. "Boss, huku kuko fiti," akasema. "Kisima iko. Zahanati iko, imepakwa rangi hata. Nyumba zetu zitaunganishwa kwa hii maji iko. Kuchimba ingine hakuna haja."

Hapo nilielewa kazi ya vile visanduku. Kama kitu chetu kinatosha, basi wao wa mtaa mpya hawaletewi chao, wanakuja kunywa kwenye chetu. Nyumba mia tatu. Nikaiona ile foleni ikitoka kisimani, inapita kwetu, inafika lami. Na mtungi wenye kamba ya buluu sikuuona popote.

Jioni nilimwambia mama, akiwa bado anavua viatu.

"Susu alisema nini?"

Nikamweleza yote.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Ni sawa."

Susu alitaka kujua tunazungumza nini. Mama alipomfafanulia, akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona nyoka. "Maneno yangu yote hayo!" akasema. "Umeyapeleka wapi?"

Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Fomu hukuiandika wewe. Lakini kwa baraza wewe ndiye utasimama."

Nilikuwa na siku tisa kabla ya baraza la kusomewa ripoti. Kila siku saa mbili asubuhi nilihesabu mitungi na kuandika kwenye daftari, nikaandika pia maneno ya susu jinsi alivyoyasema, ili koo likikataa macho yasome. Na siku hizo tisa nilimshuku kila mtu. Nilimshuku naibu wa chifu, aliyekuwa na simu mpya. Nilimshuku fundi aliyepaka rangi ukuta mmoja. Hata wale vijana wa stendi niliona kama wanajua kitu. Labda hawakujua chochote, labda simu ilikuwa ya mtoto wake. Lakini mtu akishaanza kushuku haachi kwa kuambiwa aache.

Baraza lilifanyika ndani ya kanisa letu la mabati. Mtu wa penseli akasoma ripoti, na ilikuwa vile nilivyoogopa: huduma zilizopo zinatosha wakazi wa sasa na wa mtaa mpya. Naibu wa chifu akapiga makofi, na watu wakafuata, maana ukisikia kwamba kwenu kunatosha unafurahi kidogo kabla hujafikiria.

"Kuna swali?"

Nilisimama. Nyuma mtu akasema, "Karani amesimama, nyamazeni!" wakacheka.

"Watoto tutawapa nafasi mwisho," naibu wa chifu akasema.

Nilikuwa tayari kukaa. Naapa nilikuwa nimeanza kukunja magoti. Ndipo nikahisi mkono wa susu mgongoni, naye amesimama. Akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikika na watu wote: mimi si mtoto, na huyu ndiye mdomo wangu. Halafu kwangu: "Tafsiri. Na usiache hata moja."

Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbuzi, lakini ilitoka. Nikasema mara tatu narudi na mtungi mtupu. Nikasema jirani, nikasema kuoga kwa zamu, mbele ya wavulana wa darasa langu. Susu akaendelea na mimi nikamfuata.

"Anasema siku ile ulikunywa maji yake ya kupikia. Alikupa kwa sababu ulikuwa mgeni. Alikupa wewe. Hakuzipa nyumba mia tatu."

Susu akaongeza neno moja.

"Na anasema yeye si shosho. Ni susu."

Hapo kanisa lilipasuka kwa kicheko. Mtu wa penseli naye alicheka kidogo, akajipangusa uso. Lakini akasema, "Sawa, susu. Lakini mimi nilienda pale nikaona na macho yangu. Hakukuwa na foleni."

Hilo halikuwa kwenye daftari. Nikajikuta nimejibu. "Ilikuwepo. Ulisimama kando yake, ukaniuliza kama imetupwa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa isipokuwa yeye. Mwanamke mmoja akaita, "Wa kwangu ndio ule wa gunzi!" Mwingine, "Na wangu wa kitambaa chekundu!" Wakaanza kujitaja mmoja mmoja kwa mitungi yao. Naibu wa chifu akasema tuendelee na ajenda, na hakuna aliyemsikia. Mtu wa penseli alikunja ripoti yake, akasema atarudi kuangalia tena asubuhi.

Sikumwamini. Lakini Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa kisimani, bila reflekta, buti zikiwa na vumbi. Alikaa mpaka pampu ikakohoa. Wakati huo mitungi kumi na tisa ilikuwa bado mitupu, wetu ukiwa wa nne kati ya hiyo. Alihesabu mwenyewe, na safari hii alihesabu mitungi. Akatoa fomu, akatoa penseli.

Nilikuwa na biro mfukoni, ya buluu, kifuniko kimetafunwa. Nikamnyoshea. "Andika na hii."

Akaichukua. Akakata ile alama ya zamani, akaweka nyingine kwenye kisanduku cha katikati, na chini yake akaandika kwamba mtaa mpya uchimbiwe kisima chake kabla ya nyumba ya kwanza. Nikamwomba aiweke fomu juu ya mtungi, nikanakili sentensi hiyo neno kwa neno kwenye daftari langu, nikamgeuzia atie sahihi.

"Kwani huniamini?" akauliza.

Nilifikiria niseme ni sawa.

"Bado," nikasema.

Akatia sahihi. Akapanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja, na ilipokuwa inageuka nikaona biro yangu imechomekwa kwenye mfuko wa shati lake. Nikamwita kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote wa kisima, airudishe.