Nahodha na Mzinga wa Maji

Katika mkahawa wa bandarini, kisiwani Hainan, Uchina, nahodha mmoja alikaa akiipa televisheni kisogo. Vidole vyake vilivyokakamaa kwa chumvi vilizungusha kikombe cha chai bila kukiinua. Jana yake habari zilikuwa zimeonyesha meli yake ya doria ikiipiga boti ya wavuvi Wafilipino kwa mzinga wa maji, na wateja wote wakashangilia.

“Mjomba, umewaosha kweli kweli!” alicheka Asheng, mwenye mkahawa. “Yule babu aliyekuwa akipunga mikono kwenye boti, alikuwa anasemaje?”

Nahodha alikohoa, masikio yakamwiva. Kabla serikali zao hazijaanza kuugombea mwamba wa baharini ambapo boti ilipigwa, yeye na babu huyo walikuwa wakipeana sigara na samaki hapo hapo.

“Alikuwa ananiita kwa jina,” alisema, ameinamisha uso. “Alidhani sijamtambua.”